Chini ya Kiti cha Wandera

Viweke mezani kwanza hivyo vipande vya ngozi ya bandia, mwanangu, chekundu na cheusi na hicho cha rangi ya kahawa, uniache nikumbuke siku moja ambayo sijawahi kuisema ndani ya nyumba hii. Umekuja kumuuliza senge yako, dada mkubwa wa baba yako, ni rangi gani itapendeza kwenye viti vya gari ulilonunua. Nitakujibu. Lakini kaa chini, maana jibu langu nimelificha miaka mingi na halitatoka mbio.

Wakati huo nilikuwa nauza samaki hapa soko la Busia, na wateja wangu walifika mpaka Malaba. Nilikuwa mwanamke wa mdomo. Usicheke, bado ninao. Nilinunua stesheni wagoni nyeupe, kuukuu kidogo, na dereva wangu alikuwa baba yako, Wandera, kabla hajamwoa mama yako. Mama yetu alifariki Wandera akiwa bado anatambaa, nikamlea mimi, kwa hiyo neno langu kwake lilikuwa neno la mzazi. Akiambiwa nenda, anaenda.

Kila alfajiri alishuka Osieko kuchukua samaki kwa wavuvi, akarudi nao kwenye makreti yenye barafu. Makreti yakizidi tuliyapanga juu ya kiti cha nyuma, na gunia la barafu likawekwa mbele, karibu na dereva. Maji ya samaki yalidondoka njia nzima. Mimi sikujali. Nilikuwa nasema gari si sahani, halioshwi kila likitumika.

Kisha samaki wakaadimika, nikaona afadhali gari libebe watu. Loo! Mtu anafungua mlango, anashika pua, anafunga. Mwalimu mmoja aliniambia kwa heshima zote kwamba atatembea kwa miguu mpaka Nambale. Harufu ilikuwa imeingia kwenye sponji za viti, na sabuni yoyote niliyonunua ilishindwa. Ndipo familia moja ya Nambale ikaja kunikodi nimbebe bibi harusi Jumamosi. Sharti lao lilikuwa moja tu, binti yao asinuke samaki siku ya harusi yake. Nikaahidi viti vipya. Nilikuwa nimeshaanza kusikia vigelegele masikioni.

Jumatatu tulikwenda Malaba kwa Mzee Ekisa, fundi wa viti. Vijana wote walimwita Papa, kama Wateso wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. Mzee huyu alikuwa na desturi yake. Hakushona kiti chochote kabla ya kukitoa garini na kuinua zulia lililo chini yake, na mwenye gari lazima asimame hapo amshikie tochi. Wandera nilikuwa nimemtuma kwa wateja, kwa hiyo tochi nilishika mimi. Kumbuka hilo, mwanangu. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Akavitoa viti akavipanga nyasini. Akainua zulia, likatoka limelowa na kuoza. Akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Ngo, ngo, ngo, halafu pu. Akageuza bisibisi, akasukuma kwa kidole kimoja, nayo ikazama. Alipoichomoa niliona nyasi zilizokuwa chini ya gari.

"Mama," akasema, "harufu haiko kwa kiti. Iko hapa. Samaki wako wamekula gari. Na hii kiti ya dereva, angalia, ilikuwa imeshikwa na kutu tupu."

Nikamuuliza, "Sasa utashona au hutashona?"

"Niachie gari wiki mbili. Mtu wa kuchomelea aweke chuma mpya. Viti tutashona mwisho."

Nikamwambia harusi ni Jumamosi. Hakubishana nami. Alinikalisha pale nyasini, juu ya kiti changu mwenyewe kinachonuka, akaniuliza kama najua bei ya samaki. Nikamjibu kwamba najua hata ya mkia. Akauliza tena, "Na gari? Tangu ununue, limekula nini?"

Samaki nilimhesabu mpaka magamba, mwanangu, lakini gari sikuwahi kulihesabu. Nilijua bei niliyolinunua, nikadhani habari imeisha.

"Bei ya kununua ni salamu tu," Papa Ekisa akasema. "Mazungumzo yako mbele. Weka tairi, weka breki, bima, oili, na hii sakafu. Usipige hesabu ya leo, piga ya miaka mitano. Ukiona itakula kuliko itakavyoleta, uza ikiwa bado na heshima yake, na umwambie mnunuzi ukweli. Hakuna aibu. Lakini usiivalishe nguo mpya juu ya kidonda."

Ningemshika miguu mzee yule. Badala yake kiburi kikanipanda, nikamwambia, "Papa, nimekuja kununua viti, sikuja kununua mahubiri." Vijana wake wakainamisha vichwa juu ya cherehani. Yeye akaingiza mkono mfukoni, akanirudishia pesa niliyokuwa nimetanguliza, akasema bila hasira, "Basi tafuta mwingine. Mimi nashona viti, sishoni sanda." Akavirudisha viti vyangu garini polepole, kimoja kimoja, na hata hiyo kazi hakunitoza.

Mwingine nilimpata hapa hapa Busia. Huyo hakuinua zulia. Alipoona kiti cha dereva hakikaziki, alikifunga kwa waya na kukitilia kigingi cha mbao chini, akatandika zulia jipya juu yake. Viti akavivalisha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye uzi mweupe pembeni. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Niliingia nikakaa, nikajiona mke wa waziri.

Ijumaa jioni Wandera alilijaribu gari, akarudi akasimama mlangoni pale.

"Dada, kiti changu kinacheza."

Mwanangu, nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia. Nilikuwa na usiku mzima. Nilimjibu, "Ni sponji mpya hiyo, bado haijakukubali. Wewe endesha." Akacheka, akaenda kuosha gari, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Harusi ilikwenda vizuri. Bibi harusi alishuka ananukia marashi, na vigelegele nilivyokuwa nasikia masikioni nikavisikia kweli. Busaa ilikuwapo nyingi, lakini Wandera alikunywa chai, nilimwona kwa macho yangu. Mimi nilibaki na wenzangu kule Nambale, yeye akarudi Busia peke yake na gari tupu. Namshukuru Mungu kwamba lilikuwa tupu. Karibu na foleni ya malori ya mpakani, lori lililokuwa mbele yake lilisimama ghafla. Wandera akakanyaga breki, na breki zikashika. Gari lilisimama, mwanangu. Kilichokataa kusimama ni kiti. Kiling'oka na sakafu yake kikamrusha mbele, mguu wa kushoto ukabanwa na vyuma, na huo ndio mguu ambao hujawahi kuuona. Madaktari waliukata chini ya goti.

Waswahili walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni mimi ambaye sikusikia la mkuu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Sasa sikiliza neno ambalo limenifanya nisilale. Nilipofika hospitali, Wandera alifungua macho, akanitazama, akasema, "Dada, nisamehe. Nimekuharibia gari."

Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Nilimsamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyemsamehe yeye.

Watu wakatengeneza habari yao. Wakasema dereva alitoka harusini amelewa busaa. Nilisikia sokoni, nikasikia kanisani, nikapima samaki wangu nikanyamaza, kwa sababu habari ile ilinifunika vizuri kuliko kitambaa chochote. Baba yako hakupata tena kazi ya udereva wala ya utarishi. Alirudi Namboboto kulima mihogo akiegemea gongo moja, na jina la dereva mlevi likamfuata mpaka shambani. Najua wewe ulipigana shuleni kwa sababu ya jina hilo. Uliletwa hapa mdomo umevimba, nikakupaka dawa, na bado sikusema.

Kuna kimto cheusi kwenye gongo la baba yako, pale panapoingia kwapani. Umekiona tangu uzaliwe. Aliyekishona ni Papa Ekisa. Alisikia habari huko Malaba, akaja hospitali nacho kwenye mfuko wa karatasi, akakifunga kwenye gongo la Wandera kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea. Nilimsindikiza mpaka langoni nikingoja anikaripie. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mama, ulimwambia yale niliyokuonyesha?"

Nikatazama chini.

"Basi mwambie," akasema, akavuka barabara. Mzee yule alikufa akijua sijamwambia. Kila baba yako anapokuja hapa, akasimamisha lile gongo ukutani, kimto kile kinaniuliza swali lile lile.

Umeuliza rangi. Ipo rangi ya kila mtu, chagua unayotaka, lakini ichague mwisho. Toa viti kwanza, inua zulia, gonga sakafu mwenyewe kwa mkono wako, usimwachie fundi anayetaka kukupendeza. Ukikuta ufa, ziba, kwa kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kuta nyingine hujengwa kwa mifupa ya watu. Piga hesabu ya miaka ambayo utakaa na gari hilo. Kila wiki likikuletea kitu, likatie fungu lake uliweke kando, kabla ya soda na kabla ya sifa. Siku ukiona fungu lake limezidi lako, liache liende, na umwambie anayelichukua ubaya wake wote. Na mtu anayekalia kiti akikuambia kinacheza, hata kama ni mdogo wako, hata kama unamlisha wewe, shuka uangalie. Nisingekuwa na neno jingine la kukurithisha, hilo lingetosha.

Baba yako bado hajui. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye utakayenipeleka. Jumapili hii, watu wakitoka kanisani Namboboto na kukusanyika pale nyumbani kwenu, nataka nisimame mbele yao niseme Wandera hakulewa, na niliyejua habari ya sakafu ni mimi. Kisha nimwombe msamaha ule ambao nilimnyang'anya kitandani. Akinipa, nitashukuru. Asiponipa, atakuwa na haki yake, na wewe usimlazimishe.

Mungu aliyemlinda bibi harusi yule asiyejua alikalia nini akulinde na wewe, mwanangu. Akupe kazi ya halali, na kila utakayembeba umshushe na miguu yake miwili. Akupe ulimi mwepesi kuliko wangu siku ya kusema kweli.

Haya, inuka. Viti vyako vilivyochanika vitanitosha mpaka Namboboto. Lakini kwanza leta bisibisi na tochi, na tochi nipe mimi nishike. Tuanze na upande wa dereva.