Kona ya Chini Kulia

Mama Nakala hakuwahi kuogopa bei. Kibanda chake cha kutoa kopi na kuchapa barua alikijenga kwa kubishana. Mashine ya kwanza aliinunua kwa mtu aliyebanwa kwenye bei mpaka akaomba maji ya kunywa. Alichokiogopa ni kitu cha bure. Kila alipoliona neno hilo alijiuliza: nani kalipa?

Asubuhi ile, saa tatu na robo, vitu vya bure vilijaa kwenye kioo cha kompyuta yake.

Mdogo wake, mlinzi wa ghala, alisimama nyuma ya kiti akiwa na sare yake. Jumanne ya wiki iliyopita pampu mpya ya maji ilitoweka ghalani kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na langoni alikuwa yeye. Kikao chake kilikuwa leo, saa nane mchana. Akishindwa kujieleza, wanamkabidhi polisi. Utetezi wake wote ulikuwa ndani ya flashi moja: video ya kamera ya duka linalotazamana na lango. Kamera ile hujifuta kila baada ya siku saba, kwa hiyo dukani hakikubaki kitu. Na faili lenyewe lilikuwa la aina ya ajabu, halifunguki popote. Karani wa ghala alishawaambia: leteni video inayofunguka kwenye kompyuta yetu, la sivyo msilete. Ndiyo maana Mama Nakala alikuwa anatafuta mtandaoni programu ya kuligeuza.

"Dada, si ubonyeze tu hapo palipoandikwa 'pakua'?"

"Hapo wapi? Nimehesabu vitufe vinne, vyote vinasema pakua. Kimoja cha programu, vitatu vya wezi. Haya, nionyeshe wewe."

Kijana akarudisha kidole nyuma.

Kwanza Mama Nakala alilinakili faili mara mbili, flashi akaitia kifuani ndani ya sidiria, ndipo akajaribu programu ya kwanza. Video ilitoka, ila kona ya chini kulia programu ilikuwa imegonga jina lake kwa herufi nene nyeupe, likaifunika saa ya kamera. Ukitaka liondoke, lipia.

"Kumbe mlipaji ni mimi," alisema.

Ya pili ilitaka video ipelekwe kwanza mtandaoni, ikabadilishwe huko huko kwa watu asiowajua. Aliifunga upesi kana kwamba imemng'ata. Ilishafika saa tano. Akampigia Kipara, mpiga video wa harusi.

"Kipara, nipe programu unayobadilishia video."

"Salamu kwanza, mama."

"Salamu utazipata jioni. Shingapi?"

"Bure."

"Usiniuzie mbuzi kwenye gunia! Bure ya nani?"

Kipara akacheka. "Ya mafundi wanaoiandika kwa pamoja. Kazi yao iko wazi, yeyote anayejua anaichungulia. Haigongi jina, haina matangazo. Lakini ipakue kwenye ukurasa wao wenyewe, si kwa madalali. Na usiiguse picha. Chagua kuhamisha chombo tu, kama maji unayoyatoa kwenye ndoo ukayatia kwenye dumu. Maji ni yale yale. Dakika moja umemaliza."

Ilichukua chini ya dakika moja. Video ikafunguka, safi, saa ikitembea pale konani. Mama Nakala akaitazama bila kupepesa. Saa nne na dakika ishirini na mbili, mlinzi akainuka na kuondoka. Kiti kikabaki kitupu mpaka saa nne na dakika thelathini na moja.

Wiki nzima kijana huyu alikuwa amemwapia kwamba hakunyanyuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Tumbo, dada. Choo kiko nyuma ya ghala."

"Mbona uliniambia hukutoka?"

"Niliogopa. Tupeleke ile ya kwanza. Ile yenye jina. Saa haionekani, nitasema ilikuwa dakika moja."

Mama Nakala alipeleka mkono kwenye kipanya. Alitamani. Ingekuwa rahisi, na lawama ingebeba programu. Lakini alikuwa amenunua vitu vingi maishani mwake.

"Mimi nikiona plasta kwenye bidhaa, naibandua kwanza. Na wao wataibandua. Tunapeleka safi, na utasema mwenyewe kabla hawajafika hapo. Ukinyamaza, nasema mimi."

Saa nane walikuwa wanne mezani: msimamizi, karani, mtunza stoo na mjumbe wa wafanyakazi. Mama Nakala alisimama kando ya mdogo wake, video ikawashwa. Saa ya konani ilipofika saa nne na ishirini, mdogo wake hakusema kitu. Ishirini na moja. Mama Nakala akamkanyaga mguu.

"Hapo... hapo niliondoka," kijana akasema. "Dakika tisa. Nilikwenda chooni."

"Dakika tisa!" Msimamizi aligonga meza. "Pampu inatoka kwa mbili!"

"Subiri, bosi." Karani alisogeza uso karibu na kioo. "Hii kona ya chini, karibu na saa. Huu si mnyororo wa lango?"

Wakarudisha nyuma. Mnyororo ulikuwa umefungwa kwa kufuli, haukutikisika dakika zote tisa. Mama Nakala alikumbuka ile video ya kwanza. Herufi zile nene zingekuwa zimelala juu yake.

"Basi haikupita langoni," msimamizi alisema polepole. "Ufunguo wa mlango wa nyuma anao nani?"

Karani akamgeukia mtunza stoo. Mtunza stoo alikuwa anaangalia mikono yake.

Kijana alipewa barua ya onyo kwa kuacha lindo, akaipokea kwa mikono miwili. Walipokuwa wanatoka, mtunza stoo aliwafuata mpaka kwenye ngazi.

"Mama, ile flashi ya asili iko wapi?"

"Nyumbani," alisema Mama Nakala, akashuka haraka, mkono umebana kifua.