Nimewaambia Wasichana Waje na Birika

Bwana asifiwe, wapendwa wa ukurasa huu. Hamjambo huko mliko? Watoto wazima? Admin, nifichie jina, maana hapa Lunyo tunajuana hadi mbuzi.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, kiongozi wa akina mama kanisani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifungua kituo cha kompyuta Busia mjini. Akanijia: "Shemeji, wafadhili wanataka wasichana, na wazazi wanakuamini wewe. Niletee, nitawafundisha kisha niwaajiri." Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikafika hadi Mella kwa kaka yangu. Wachumba walikuwa wameshaleta ng'ombe kwa ajili ya binti yake, Amoding. Nilipiga magoti, nikasema kaka, rudisha mali ya watu, huyu atakuwa mtu wa kompyuta. Akarudisha.

Juzi nimepita kituoni bila kusema nakuja. Kwenye kompyuta, wavulana watupu! Amoding yuko nyuma anaosha vikombe, wenzake wanadeki.

"Shangazi, sisi tunakalishwa pale siku ya wageni kupiga picha. Wakiondoka, tunarudi jikoni."

Nikamkabili shemeji. Akacheka mpaka magego yakaonekana: "Wasichana na kompyuta, wapi na wapi? Si wanakunywa chai ya bure?" Kaka naye amesikia, ananipigia simu: "Dada, hiyo kompyuta ya kuosha vikombe inaitwaje?"

Sasa Jumapili hii wafadhili wanakuja kanisani kwetu. Shemeji amenipanga nitoe ushuhuda, halafu wasichana waonyeshe walichojifunza. Nimekubali, tena kwa tabasamu. Nimewaambia wasichana waje na birika, vikombe na matambara ya kudekia, wavipange pale mbele. Si ndicho walichofundishwa? Mimi nitashika kipaza sauti nimtaje kwa jina lake na la baba yake, mama mkwe akiwa kiti cha kwanza.

Najua mtasema kisasi ni cha Bwana. Nimemwomba Bwana aniazime asubuhi moja tu.

Kinachonikata maini ni Amoding. Ananisihi: "Shangazi, ukimwaibisha atafunga kituo, na baba atawaita wale wachumba. Mwache, labda ipo siku nami nitafundishwa." Labda!

Nishaurini, wapendwa. Nisimame, au nimeze kwa ajili ya hiyo labda ya mtoto? Birika nimeshalisugua. Nijibuni mapema, Jumapili haiko mbali.