Kumrudisha Rukia Majengo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa. Nilikuwa msichana aliyetoka tu kumaliza shule ya msingi. Bi Mkubwa, ambaye ndiye aliyeosha maiti wa kike wa mtaa wetu wa Majengo hapa Nairobi, alipungukiwa na mtu wa kumwaga maji kwa sababu msaidizi wake alikuwa na homa. Akaniita mimi na mwenzangu Rukia. Mama zetu walikuwa wapangaji wake, mlango kwa mlango, kwa hiyo hatukuwa na pa kujificha. Marehemu alikuwa mwanamke aliyetuuzia mahamri tangu tulipoanza kutembea. Nilishika kata ya maji, nikamwona amelala pale bila kunitania kama kawaida yake, nikaanza kulia. Bi Mkubwa hakuinua hata macho.

"Machozi nje," alisema. "Humu ndani ni maji tu."

Nikatoka. Rukia alibaki, akamwaga maji mpaka mwisho. Alinitania kwa hilo maisha yetu yote.

Mwenyekiti wa kamati ya msikiti ameniomba niwaeleze kwa maandishi nyinyi wanangu, waoshaji wa leo mnaovaa glavu na aproni na kusimama kwenye meza ya vigae yenye bomba lake, kazi hii ilifanywaje zamani. Nitaeleza. Lakini kama yupo anayengoja kusikia nani alikutwa na nini mwilini, amepotea njia, na karatasi hii aiweke chini.

Zamani maiti alioshwa nyumbani. Nyumba za Majengo zilikuwa za udongo na mabati, na sakafu ilikuwa ardhi tupu. Wanaume waliingia kwanza wakachimba ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea, kisha ulili, kitanda cha kamba, ukawekwa juu yake. Wanaume wakatoka, sisi tukaingia. Maji ya kwanza yalitiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, na ya mwisho yalitiwa kafuri, ile dawa nyeupe yenye harufu kali. Tulianza upande wa kulia. Nguo ya kumsitiri haikuondolewa hata mara moja, mkono wa mwoshaji ulipita chini yake. Nywele zilisukwa mikia mitatu, zikalazwa nyuma, ndipo tukamvisha sanda.

Kazi ilifanywa na wawili, mmoja wa kusugua na mmoja wa kumwaga. Niliporudi, baada ya kupiga moyo konde, Bi Mkubwa alinipa kusugua. Rukia alikuwa wa kumwaga. Alijua ni lini nataka maji na ni lini sitaki bila mimi kufungua mdomo. Tuliolewa, tukazaa, tukafiwa na waume, na bado tulipoitwa tulisimama vilevile, mimi huku yeye kule.

Bi Mkubwa alikuwa mkali kwa kila jambo, lakini kuna jambo moja alilolikazia zaidi. Tulipomaliza kazi alituketisha uani, akatumiminia maji tunawe mikono, kisha akauliza tumeona nini. Jibu lilikuwa moja tu: tumeona mtu mwema. Msichana mmoja aliwahi kujibu vingine, tena kwa kunong'ona, na hakuitwa tena. Mwoshaji anajua mambo ambayo mume hakuyajua, na pengine hata daktari. Mwili hauna uongo, na aliyelala pale hawezi kukuomba umfichie. Kwa hiyo unamfichia bila kuombwa. Mengine mnaweza kujifunza kwa siku chache, lakini hilo ndilo kazi yenyewe.

Baadaye nyumba zetu zilibomolewa na watu wa Majengo wakatawanyika. Wengine walikwenda Kayole, wengine Mukuru kwa Reuben, mimi nikaangukia Huruma kwenye gorofa. Huko ndiko tulikojua kwamba ufuo umekwisha, maana saruji haichimbiki. Mara moja tulijaribu kuosha chumbani, juu kabisa ya gorofa, tukiwa tumepanga mabeseni chini ya kitanda. Haikusaidia. Kijana wa chini alipanda ngazi akagonga. "Mathe, hii maji inatoka wapi?" aliuliza. "Inadondoka hadi kwa sufuria yetu." Rukia alitoka akamwambia taratibu kuna msiba, na kwamba chakula hicho wasikile. Yule kijana alivua kofia, akarudi chini, na baadaye tukamwona miongoni mwa waliobeba jeneza, ingawa hakuwa Mwislamu. Baada ya hapo Mwenyekiti wa wakati huo alikata kauli kwamba kila maiti aoshewe msikitini, na kikajengwa chumba hicho mnachokitumia. Tuliitwa mochari za hospitali pia. Tulifanya kazi chini ya maimamu na wenyeviti kadhaa, wapole na wenye makeke, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwetu.

Rukia ndiye aliyeanza kuchoka, ingawa si miguu iliyochoka. Siku moja alitia kafuri kwenye maji ya kwanza. Nilimwangalia, akaniangalia, akacheka akasema uzee unaingia bila hodi. Siku nyingine aliniuliza marehemu ni nani, naye alikuwa binamu yake. Mwanawe alimchukua akamhamishia kwake, mtaa wa Lucky Summer, na mimi, magoti yangu yakiwa hayakunjiki tena, nikaaga kazi mwaka huohuo. Sikutaka mtu mwingine wa kunimwagia.

Nilikuwa nikienda kumtazama. Siku moja nilimkuta ameketi sebuleni na wanawake wa jirani, mkwewe Salma akiwamiminia chai. Walikuwa wakimtaja mama mmoja aliyekwisha fariki zamani, mkewe mwenye duka, na Rukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kile tulichokiona tulipomwosha. Vikombe vilisimama hewani. Huyu alikuwa Rukia, ambaye hata mumewe alipombembeleza hakuwahi kupata neno. Sikujua la kufanya, nikasema la kwanza lililonijia mdomoni.

"Rukia, hebu waambie ulivyoanguka mtaroni siku ya Idi."

Akanigeukia, uso ukamnawiri, akaanza. Tulishonewa magauni ya kitambaa kimoja, ya kijani, yenye mikono ya kuvimba. Watu hawajatoka hata kuswali, yeye tayari amejitupa kwenye mtaro wa maji machafu akimkimbiza paka. Bi Mkubwa alimvua gauni mbele ya wavulana wote wa mtaa, akamfunga leso yake, ile kanga ya kujitanda, shingoni. Tulipozunguka nyumba kwa nyumba kuomba sikukuu, kila mtu alimhurumia mtoto wa leso, na yeye akapata peremende nyingi kuliko sisi tuliopendeza. Wale wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Yule mke wa mwenye duka akasahaulika, angalau siku ile.

Nilirudi Huruma nikiwa na hofu. Najua watu wangesema ni ugonjwa, na ni kweli ulikuwa ugonjwa. Lakini jina la Rukia lilikuwa limejengwa juu ya ukimya wake, na juu ya ukimya huo walikuwa wamelala mama zetu wote wa Majengo. Wao hawakuwa na mwingine wa kuwatetea. Nilikaa nikafikiri, nikaona jambo dogo. Kabla ya siku ile tuliyopewa kata, Rukia hakuwa ameona mwili wa mtu. Katika utoto wetu hakukuwa na siri ya maiti yeyote. Nikimweka huko, watu wote wanabaki salama, na yeye pia.

Basi hiyo ikawa kazi yangu ya uzeeni. Niliketi naye nikamrudisha Majengo. Tulipika tena udongo kwenye vifuniko vya chupa tukicheza kalongolongo, yeye mama na mimi mgeni mlafi. Tulisikiza tena wahunzi wa Gikomba wakigonga mabati, na tukabishana ni nyundo ya nani ilikuwa na mdundo mzuri. Tuliiba tena tende za futari za Bi Mkubwa. Salma naye, ambaye hakuwahi kuiona Majengo ile, alijifunza maswali ili amuulize nisipokuwepo. Mwanzoni alikosea. Alimuuliza habari za bomba la mtaa, jinsi tulivyopanga madebe kwenye foleni, na bomba likamleta kwenye maji, maji yakamleta kwenye kazi, na hapo mdomo wake ukafunguka. Nikamwambia Salma: michezo, vyakula, sikukuu, walimu wa chuo cha Kurani waliotuchapa. Maji hapana, wala nguo nyeupe.

Lakini binadamu hawezi kulinda mlango kila saa. Alikuja mwanamke mmoja tuliyekua naye, mdogo wetu kidogo, aliyekuwa amehamia mbali. Alisikia Rukia ni mgonjwa akaja kumjulia hali. Jina lake nalificha. Mama yake tulimwosha sisi wawili. Salma alikuwa jikoni, na mimi nilikuwa chumba cha pili naswali adhuhuri. Nilipotoka nilimkuta Rukia amemshika mkono mgeni, anamweleza polepole, kwa huruma, kama mtu anayetoa pole. Nilimwita, nikamtajia mtaro, nikamtajia Idi, nikamtajia paka. Hakunisikia. Alimaliza yote.

Mgeni aliniinulia macho. "Dada Zaina, ni kweli?"

"Tulimwona mtu mwema," nilimjibu.

"Sikukuuliza hivyo. Ni mama yangu. Nakuuliza kama ni kweli."

"Angetaka ujue, angekuambia mwenyewe."

Rukia alikuwa akimpapasa mkono, anatabasamu. "Maisha yangu yote nimemlaumu mama," yule mwanamke alisema. "Kwamba hakupenda nimkumbatie. Kwamba nikimgusa mgongoni ananisukuma. Nimewaambia hata wanangu kwamba bibi yao alikuwa na moyo mgumu." Akalia, na sikuwa na neno la kumpa kwa sababu neno lolote lingekuwa jibu. Alijifunga mtandio akaondoka bila kuaga. Mpaka leo nalala nikimfikiria. Kuna siku naona nilifanya kama Bi Mkubwa alivyonifunza, na kuna siku naona mtoto aliyeomba habari za mama yake nilimnyima hata kutikisa kichwa. Nimewauliza maimamu wawili, na kila mmoja alinipa jibu lake.

Baada ya hapo mwanawe Rukia alikataza wageni. Nilibaki mimi tu. Na Rukia, kama aliyesikia raha ya kule nilikompeleka, akaendelea kurudi nyuma mwenyewe bila kusukumwa. Aliwasahau waliokufa. Akamsahau mumewe, akamsahau mwanawe, akaacha kabisa kuzungumza habari za kazi. Nilikuwa nimepata nililolitaka. Kisha asubuhi moja aliniamkia shikamoo, kwa adabu, kama anavyoamkiwa mtu mzima asiyejulikana, akaniuliza, "Bibi, hukumwona Zaina? Tulisema tutacheza naye na hajaja."

Nikamwambia Zaina yuko njiani. Nilimwambia hivyo kila nilipokwenda, naye kila mara alitazama mlangoni. Iliniuma kuliko misiba yangu yote. Nilikuwa nimemrudisha Majengo, na sasa ananingoja huko peke yake na mimi siwezi kufika.

Alifariki akiwa anangoja. Mnakumbuka mliponikuta msikitini asubuhi hiyo, nimetangulia. Niliomba nimwage maji, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu kummwagia, lakini kata iliniponyoka mara mbili na mmoja wenu akanishika kiwiko akanitoa taratibu. Niliketi barazani nikasikiliza maji. Mlipotoka hamkuniambia kitu, nami sikuuliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mmeiva katika kazi, na kwamba mimi nimestaafu kweli.

Mwenyekiti aliniomba niandike habari za kazi, na ataona nimechanganya na habari za watoto wawili wa Majengo. Anisamehe. Kuna sababu. Mwezi huu nimetia chumvi kwenye chai, nimemwita mjukuu wangu kwa jina la marehemu mama yangu, na juzi nilishuka Huruma nikasimama barabarani sijui ni gorofa ipi ninayoishi. Naijua njia hii. Nimemsindikiza mtu mpaka mwisho wake. Niliyoyaona mikononi mwangu ni mengi kuliko aliyoyaona Rukia, maana mimi ndiye niliyesugua. Yeye alikuwa na mimi, niliyekumbuka utoto wake kwa sababu ulikuwa wangu. Mimi sina mtu wa namna hiyo. Karibu wote niliocheza nao nimewaosha.

Kwa hiyo nimewaandikia nyinyi. Siku mtakaponisikia nimeanza kumtaja marehemu, msinizibe mdomo na msinifungie chumbani. Ketini karibu yangu, mniambie Rukia anagonga mlango na ananiuliza. Mniambie amechoka kungoja. Mimi nitanyamaza, nitatafuta viatu vyangu, na nitatoka.