Usiwauzie Wageni Mti wa Ngoma

Nakumbuka siku niliyoingia Gitega, mwanangu, miguu imevimba. Nilitoka Giteranyi, kule Muyinga, siku tatu kwa baiskeli, nikikwepa barabara kuu kwa sababu ya vita. Mzee Salvatori, mtunza nyumba ya ngoma kwenye kilima kimoja nje ya mji, alinipa mkeka na kazi ya kufagia uwanja.

Hata miaka ile wageni walikuja. Kila Jumamosi wafanyakazi wa misaada walipanda kilima kusikiliza ngoma za enzi za wafalme, na kila mmoja alitaka ngoma ndogo ya kwenda nayo kwao. Nami, ujana maji ya moto, nikaona riziki. Nyuma ya nyumba ilikuwepo miti minne ya umuvugangoma, mti unaochongwa ngoma, ikiachwa inenepe. Mzee alipokwenda Musinzira kumuuguza dada yake mwezi mzima, niliikata yote nikachonga. Wageni walizigombania. Wapiga ngoma, wakidhani mzee ameniruhusu, wakaniita Patron, yaani bosi.

Mzee aliporudi, ngoma kuu, ile inayoongoza nyingine, ilipasuka kutoka mdomoni hadi kwenye kitako. Tukaenda nyuma kuchagua mti wa kuchonga nyingine. Tulikuta visiki.

Hakunipiga. Alinikalisha juu ya kimoja.

“We Patron, wageni yako wanapandaka huku kutafuta nini?”

“Ngoma, Muzee.”

“Basi Jumamosi utawapigia hii kisiki.”

Wapiga ngoma walicheka, kisha kicheko kikawaishia, maana ngoma kuu isipolia nyingine hazipigwi. Jumamosi ile wageni walikuta uwanja kimya, wakashuka. Iliyofuata hakupanda mtu.

Nilitafuta miche vilima vitatu, nikapanda kumi na miwili, nikaibebea maji kiangazi chote. Kwa ngoma kuu mpya tuliomba mti kwa majirani. Zawadi za kuwauzia wageni tukachonga kwa matawi ya parachichi yaliyoanguka.

Leo Gitega ni mji mkuu, na wageni wataongezeka. Wapokee huko uendako, mwanangu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini usimuuzie kile alichokuja kukiona, na usikate kabla hujapanda. Mimi nimetanga miji mingi tangu hapo, na iliyosahau hilo naijua kwa ukimya wake.

Siku niliyoondoka nisirudi tena, miche ilinifika begani. Mzee aliniwekea mkono kichwani akaniombea, nami nakuombea vilevile: Mungu akujalie kupanda mti watakaouchonga wengine, na akupe masikio ya kuusikia ukilia.