Karafuu za Chini ya Mti

Nakumbuka siku moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, na hadi leo haijanitoka. Baba alikuwa ameshafariki, nami, kijana wa miaka ishirini na mbili, nikasimamia eka tatu tulizogawiwa Pujini baada ya Mapinduzi. Babu yangu alitoka bara, akachuma karafuu za watu hadi akafa hana hata mche. Basi nilijiona mwenye haki kuliko wote.

Kwetu Pemba karafuu za mtini ni za mwenye shamba. Zilizoanguka huokotwa na wanawake, zikawa zao. Mimi nikajitia ujuaji. Nikamkuta jirani yetu Bi Zuwena ameinama chini ya mti, pakacha lake limefika nusu. Nikampokonya, nikazimwaga kwenye jamvi langu. Alikung'uta kanga yake akaenda.

Nyumbani nikajisifu. Mama akaweka upawa chini.

"Mti ule kaupanda baba yake Zuwena," akasema. "Siku za Mapinduzi walimcharaza mzee yule bakora mbele za watu kwa Uarabu wake, wakamtoa shambani. Zuwena kaachishwa skuli. Na karafuu hizo ndizo za kununulia sare ya skuli ya bintiye."

Nikalirudisha tonge sahanini. Mambo yale hayakuwa yakisemwa, nami sikuwahi kuuliza. Kumbe mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini haya ilinishika, nikakaa siku nne. Nilipompelekea mapakacha mawili, skuli zimeshafunguliwa, na binti, kwa kukosa sare, amepelekwa Unguja kufanya kazi za nyumba za watu. Bi Zuwena akanikaribisha, akanipa maji ya kunywa. Afadhali angenitukana.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Msimu uliopita nilimkuta mtoto wa binti yule chini ya mti uleule, ameinama vilevile alivyoinama bibi yake. Nikakaa chini. Bakora zile zimeshasahauliwa na waliozipiga, na bado zinamfikia mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Nasaha yangu ni hii. Babu yangu alidhulumiwa, hilo usilifiche. Lakini usilifanye kibali cha kumdhulumu mwingine. Ukirithi kitu, uliza kilikuwa cha nani. Na ukishajua, usikae siku nne. Mikarafuu miwili ya njiani, mavuno yake ni ya kumsomesha mtoto yule mpaka amalize. Nikifa, amana hiyo iko shingoni mwako.

Mola akupe riziki ya halali, akupe na jicho la kumuona aliyeinama chini ya mti wako.