Mbeba Chai Aliyeanguka Kwenye Ngazi

Sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza hayo mawili kabla hata sijafika katikati. Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali hapa Kitale, mtu wa kanisa tangu utotoni, na niliyoyaona pale Kamukuywa niliyaona kwa macho haya mawili, mwanga ukiwepo. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, keti tu usikilize, kwa maana mwishoni kuna jambo linalokuhusu wewe pia.

Tulikuwa watu watatu tuliopenda picha za zamani. Wa kwanza ni Mwalimu Wanjala, jirani yangu, mzaliwa wa Bungoma, amestaafu na ana televisheni kubwa kama meza ya kulia. Wa pili ni Mama Njoki, anayeuza mahindi na maharagwe kule Kwanza, ambako wazazi wake walihamia kutoka Murang'a. Wa tatu ni mimi. Jumapili baada ya ibada tulikutana kwa Mwalimu, tukachemsha njugu, tukatazama picha ambazo watoto wetu hawawezi kuvumilia hata dakika tano. Ati hazina rangi. Ati watu wanaongea sana.

Lakini sisi hatukuwa tunamtazama stering, yule shujaa wa picha. Stering ana nini? Kila mtu anajua hafi. Sisi tulipenda wale wa pembeni. Mama Njoki alikuwa na mama yake mmoja wa picha za Kihindi, yule anayekohoa mwanzoni na kufa kabla ya wimbo wa tatu. Amemfuata katika picha nyingi sana, na kila mara anakohoa vile vile. Mimi nilikuwa na inspekta wangu wa polisi, mnene, anayefika wakati mambo yameshaisha na kuuliza, "Kuna nini hapa?" Siku moja tulimwona katika picha nyingine amevaa kanzu ya padre. Tulipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Mwalimu naye alisema hawa ndio waigizaji wa kweli, kwa sababu wanapewa sekunde chache na bado unawakumbuka ukiwa kitandani.

Wa Mwalimu alikuwa mtumishi wa nyumbani katika picha moja ya wazungu iliyopigwa huku kwetu miaka mingi iliyopita, kwenye nyumba ya mlowezi fulani chini ya Mlima Elgon. Sitaitaja picha yenyewe, na nitakwambia kwa nini. Mtumishi huyo ni kijana mrefu, kanzu nyeupe, mshipi mpana, kofia ya tarbushi, miguu mitupu. Hasemi neno. Anaingia na trei ya chai, anapanda ngazi ndefu za mbao, adui anatoka chumbani akikimbia, anampiga kikumbo, na kijana anaanguka kinyumenyume hadi chini. Vikombe vinavunjika. Stering anamruka na kuendelea kumfukuza adui. Basi. Hakuna anayemtaja tena.

"Tazama shingo!" Mwalimu alikuwa akisema. "Tazama mkono unavyolegea. Huyu anajua kufa, bana! Hao wengine wanakufa kama wanaolala."

Halafu anachukua rimoti na kurudisha nyuma. Kijana anapanda tena, anaanguka tena. Mwalimu anapiga makofi. Sisi nasi tunapiga. Mwisho wa picha majina yanapita, ya wakubwa na ya wadogo, hata jina la farasi limo. La kijana halimo. Mwalimu alikasirishwa sana na hilo la farasi. Nataka ujue kwamba hakuwa mtu mbaya.

Sasa, siku yenyewe. Tulikuwa tumetoka Bungoma kwenye kikao cha kazi, mimi na mwenzangu wa ofisini aliyekuwa na gari. Mvua ilitupiga njiani, ile ya jioni ambayo haikuruhusu kuona hata boneti ya gari lako, na tulipofika Kamukuywa waipa zikakatika. Mwenzangu akaniacha kwenye hoteli moja ndogo kando ya barabara, akaenda kutafuta fundi. Stima zilikuwa zimepotea. Ndani hamkuwa na mteja mwingine. Niliketi karibu na dirisha, nikasikia mtu akikata kuni nyuma, nikangoja kuhudumiwa.

Chai ikaja kabla sijaagiza.

Kwanza niliona mikono. Mikono mizuri, mirefu, imeshika trei ya fedha. Juu yake birika, kikombe cha kauri na kisahani chenye mstari wa dhahabu. Nikawaza, hoteli ya namna hii imetoa wapi vyombo hivi? Ndipo nikaona mshipi ule mpana, sasa ni mwekundu. Nikainua macho polepole, kwa maana moyo ulikuwa umeshajua.

Ungefanya nini wewe? Watu huniambia wangekimbia. Mimi sikukimbia. Niliketi pale nikimtazama kijana ambaye, kama angekuwa hai, angekuwa rika la baba yangu. Alikuwa vile vile, hajaongezeka hata mkunjo mmoja. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na rangi ya mtu. Na alikuwa na sauti.

"Sukari, mama?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Akatia sukari, akakoroga, akaisukuma kwangu. Alisimama wima kama wanavyosimama waliofunzwa kuhudumia watu.

"Nimekuona mahali," nikasema.

"Jumapili," akajibu. "Kwa mwalimu. Huwa mnakula njugu."

Niamini, hakuna kitu alichosema kilichonitisha kama hizo njugu.

Halafu akaongea, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Alisema anaitwa Barasa, wa Tongaren. Alisema wale watu wa picha walimkuta akifanya kazi katika ile nyumba, wakamwambia abebe chai na aanguke. Akaanguka. Wakasema haikupendeza, arudie. Akarudia. Wakasema alikuwa anaweka mkono kujikinga, na mtu anayekufa haweki mkono. Akarudia tena na tena, mgongo ukiwa umeshavimba chini ya kanzu, hadi mara moja ambayo hakuweka mkono.

"Hiyo ndiyo mnayoona nyinyi," akasema. "Sikuwa naigiza, mama."

Nilitaka kusema pole. Yeye akaendelea.

"Si kufa kunakonisumbua. Watu wote hufa. Ila mkirudisha, najikuta chini na trei mkononi. Miguu inajua kinachongoja juu, lakini inapanda. Mwambie mwalimu aniache." Akatazama mvua. "Na kwetu hawajawahi kuniona kwenye hiyo picha. Dada yangu Nasimiyu, kama yuko, aone kwamba nilivaa vizuri."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Kilikuwa cha moto kweli, nilikunywa, nikaunguza ulimi. Nilipokiweka chini hapakuwa na mtu. Mlango wa mbele nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa komeo kwa ajili ya mvua, na wa nyuma ndio uliokuwa ukifunguliwa wakati huo na mwanamke mwenye kuni mikononi.

"Aki pole, mama, sikujua kuna mtu," akasema. "Kuni zimelowa. Chai bado kabisa."

Nikamwonyesha kikombe. Akakigeuza huku na huku.

"Hii si yetu. Sisi ni vikombe ya plastiki. Umekuja nayo?"

Nikamuuliza kama ana kijana wa kuhudumu. Akasema yuko peke yake tangu asubuhi. Akanitazama vizuri, akaweka kile kikombe mezani kwa vidole viwili, akaanza kuomba kwa Kibukusu kwa sauti ya chini.

Jumapili iliyofuata niliwaeleza wenzangu. Mama Njoki akajifunika leso. Mwalimu alicheka, kisha alipoona sicheki, akaudhika.

"Si ulikuwa umechoka? Umetoka kikaoni, njaa, mvua, ukasinzia. Ubongo ni televisheni pia, dada yangu."

"Ulimi wangu una lengelenge, Mwalimu."

"Basi ulikunywa chai ya moto. Hilo nakubali."

Nikamsihi. Nilimwambia hata kama ni ndoto, tuiheshimu, tuache ile sehemu. Yeye akaona namwamrisha ndani ya nyumba yake. Akasema kama kuna mtu duniani aliyempa kijana huyo heshima, ni yeye. Nani mwingine anayemkumbuka? Nani mwingine anayekasirika kuhusu farasi? Akachukua rimoti akaweka picha, moja kwa moja pale pale.

Kijana akaingia na trei. Akafika kwenye ngazi. Na mbele yangu na Mama Njoki, akasimama. Mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza, mwingine chini. Tulisikia vikombe vikigongana juu ya trei kwa kutetemeka kwake. Akageuza uso kutuelekea, macho yamejaa maji. Halafu akapanda, kama mtu anayesukumwa.

Mama Njoki alipiga yowe.

"Nini?" Mwalimu akauliza. "Si ameanguka vizuri tu kama siku zote?"

Hakuwa ameona chochote. Nilimtazama usoni, hakuwa anatania. Akarudisha nyuma ili atuonyeshe. Mama Njoki akabeba mkoba wake akatoka, na mimi nikamfuata. Tangu siku hiyo Mwalimu hajaniamkia. Tukikutana sokoni anageukia nyanya. Miaka yote ile ya urafiki, watoto wetu wamelelewa pamoja, ikaishia kwenye rimoti. Mama Njoki amebaki kwao Kwanza na hataki kusikia neno picha. Hata harusi ya mpwa wake alikataa kutazama video.

Nami nilikwenda Tongaren. Nilikaa wiki kadhaa nikijidanganya kwamba sina nafasi, kisha nikaenda. Kumtafuta Nasimiyu hakukuwa kugumu. Wazee wa huko wanajuana. Nilimkuta akianika mahindi uani, mwanamke mkongwe, jicho moja lina ukungu, lakini mrefu, na mikono ile ile.

Nilipomtaja Barasa aliacha mahindi.

"Walimleta na gari," akasema. "Amefungwa kwa blanketi. Wakasema ni malaria. Baba akauliza, malaria gani inavunja mtu shingo? Wakapanda gari wakaenda. Hawakuzima hata injini."

Alieleza hayo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nadhani alikuwa ameyasema mara nyingi, na hakuna aliyefanya chochote.

Nikamwambia kaka yake yumo kwenye picha. Hakuelewa, kisha akaelewa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. "Nionyeshe."

Nilikuwa nimemwomba mtoto wangu aikate ile sehemu na kuiweka kwenye simu: kuanzia mlangoni hadi anapofika kwenye ngazi, kabla hajapanda, basi. Nikaishika simu karibu na jicho lake zima. Barasa akatokea, kanzu nyeupe, mshipi, trei inang'aa, akitembea kwa madaha kwenye sakafu ya watu wengine. Nasimiyu hakulia. Alitabasamu, akagusa kioo kwa kidole chenye vumbi la mahindi, na kidole kikaisimamisha picha kijana akiwa amesimama wima.

"Alivaa vizuri," akasema.

"Sana."

"Hiyo chai anapelekea nani?"

"Wenye nyumba. Wako juu."

Akaitazama tena ile trei.

"Walimshukuru?"

Niambie, wewe ungejibu nini? Nilimwambia ndiyo, walimshukuru. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mahindi yake, na mimi nikaondoka na uongo huo, na bado ninao.

Mambo yaliyobaki ni haya. Ofisi yetu iko ghorofani, na nikifika kwenye ngazi mguu mmoja hukataa. Nasimama pale nimekumbatia mafaili, watu wananipita, wananiuliza kama ni presha. Nimeomba kuhamishiwa chini na sijajibiwa. Picha za zamani sitazami tena, ingawa nazipenda, na Jumapili zangu sasa ni ndefu.

Na wewe unayezipenda kama sisi, sikutaja jina la picha hiyo ili usiende kuitafuta. Lakini ziko nyingi. Ukimwona mtu asiye na jina akianguka vizuri kupita kiasi, mwache apite. Usimrudishe uone tena alivyofanya. Huenda kuna mtu mahali fulani anayeanika mahindi, na hajaambiwa.