Mteja wangu wa Katoro anaujua mchoro wa foronya zetu

Admin, jina langu lifiche tafadhali, maana mawifi zangu wote wapo kwenye ukurasa huu na huwa wanasoma mpaka maoni ya mwisho.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na nne, nimeishia kidato cha nne, naishi Kahama, mtaa wa Nyasubi, na nimeolewa mwaka huu baada ya Pasaka. Jamani, sikujua ndoa ni tamu hivi. Mume wangu ni mchimbaji, ana duara lake na wenzake kule Geita, yaani shimo la dhahabu, na amepanga chumba Katoro. Anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, na siku ya kuja kwake mimi huamka naimba. Akishuka tu kwenye basi ananipigia niweke maji ya kuoga, halafu akifika ananikumbatia kwanza na vumbi lake lote, na mimi hata sijali. Siku aliyokuja kwetu Ushirombo kuleta posa, kanga wawili, wale ndege wa porini, walikatiza barabara mbele ya pikipiki yake, wakasimama wanatazamana. Alipowasimulia wazee walicheka. Mimi kule jikoni nililia kwa furaha. Ndiyo maana kwenye foronya za kitanda chetu nilidarizi kanga wawili wanaotazamana, kwa uzi mwekundu. Moja nailalia mimi. Nyingine aliondoka nayo kwenda Katoro, akaniambia, "Nikiiweka shavuni, nimelala na wewe." Huo mchoro sijawahi kumdarizia mtu mwingine wala kuuweka mtandaoni. Ni wetu.

Cherehani kaninunulia yeye, na ni yeye aliyenifungulia duka kwenye soko moja la mtandaoni ili nidarizi mashuka na foronya zenye majina ya watu. Oda zinakuja, namshukuru Mungu, ila masharti yao yananitesa. Huku kwetu tumezoea mteja anapiga simu mnaelewana, mzigo unampa kondakta wa basi, jioni mtu keshaupata na hela imeingia. Hawa hawataki. Hela wanaishika wao mpaka mteja abonyeze kwamba amepokea, na wapo wanaolalia shuka langu wiki nzima hawajabonyeza. Mzigo lazima upite kwa wakala wao. Halafu mteja huruhusiwi kumjua. Jina lake limefichwa, na ukimwandikia namba yako ya simu inageuka vinyota. Nimelalamika mpaka nimechoka, wananijibu kwa upole kwamba ni kwa usalama wangu.

Sasa kuna mteja mmoja. Kwanza aliagiza foronya ndogo mbili za watoto, moja iandikwe Kulwa, nyingine Doto. Nikafurahi, mapacha hao. Wakala akaniambia mzigo unashuka Katoro, zaidi ya hapo hata yeye haoni. Baadaye mteja huyohuyo akaagiza shuka kubwa, niandike Baba Kulwa na Mama Kulwa. Wakala ni mtani wangu, akasema, "Shemeji, huyu Mama Kulwa anakupenda kuliko mumeo." Tukacheka.

Kwa furaha nikampigia mume wangu nikamwambia nimepata mteja mzuri hukohuko kwake, pengine hata anamfahamu. Alinikatiza kabla sijamaliza. Kisha akasema, "Mke wangu, funga hilo duka. Nitakuhudumia mimi." Hakuuliza mteja anaagiza nini. Nilijiambia ni wivu wa mapenzi, nikaona raha moyoni.

Oda ya tatu imeingia juzi. Shali ya mtoto mchanga, jina Shija. Kwa msiojua, kwa Wasukuma, kwao mume wangu, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayezaliwa baada yao ndiye Shija. Chini ya oda mteja ameandika: "Weka na kanga wawili kama wale wa kwenye foronya, ila uzi uwe wa bluu. Ule mwekundu ukifuliwa unachuja."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Maana ni kweli unachuja. Yangu nimeifua, najua.

Nimejipa majibu mengi. Labda ni mama anayemfulia mume wangu nguo kule, akaupenda mchoro. Labda ni mke wa mpangaji mwenzake, foronya kaiona kwenye kamba. Mume wangu ninampenda, na sijamuuliza, kwa sababu naogopa atakachonijibu. Nikawaandikia wale wa soko nikiwaomba waniruhusu niongee na huyo mteja mara moja tu, hata wao wakiwa wanasikiliza. Wakanijibu kwamba mteja ana haki ya kutojulikana, na nikiifuta oda bila sababu watafunga duka langu.

Jana mteja amebadilisha. Hataki tena wakala, amechagua kuja kuchukua mwenyewe. Kwa masharti yao, mteja akichagua hivyo anapewa ramani ya kwa muuzaji papo hapo, mimi hawakuniuliza. Mimi jina lake silioni, yeye analiona geti langu. Ameandika maneno machache tu: "Nitakuja Jumamosi na watoto, fundi. Siku hiyo najua mtakuwepo wote wawili."

Mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba mume wangu anakuja Jumamosi.

Shali nimeshaimaliza, ipo hapa mezani, kanga wa bluu wametoka wazuri kuliko wale wetu. Mume wangu amenipigia leo, sauti ileile ninayoipenda, anasema ana hamu na mimi, nimwekee maji. Nishaurini ndugu zangu, kabla siku haijafika. Nimwambie asije? Au nimwache aje, na wakibisha hodi nikae kitandani kwangu, nimwache yeye akafungue geti?